Fort Jesus Juu ya Meza Mbili: Shajara ya Mradi Wetu Kisumu

Januari, wiki ya pili

Kikao kimekubali. Mradi wa chama chetu cha historia mwaka huu ni mfano wa Fort Jesus ya Mombasa, utakaowekwa kwenye ukumbi wa maktaba ya mtaa hapa Kisumu kuanzia Agosti. Kipimo ni sentimita moja kwa kila mita mbili. Pamoja na handaki na kipande cha bahari, mfano utajaza meza mbili za kusomea zilizounganishwa.

Kuna waliouliza kwa nini watu wa ziwani tuhangaike na ngome ya pwani ilhali tuna Thimlich Ohinga yetu, ngome ya mawe kule Migori. Nitalifikia swali hilo. Kwa sasa jibu langu ni kwamba kila mtoto wa Kenya hufundishwa Fort Jesus darasani, lakini kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya safari ya shule si ya kila mzazi. Wengi humaliza shule wakiijua kwa picha ya lango na mizinga tu. Wanajua Wareno, wanajua 1593, na hapo hadithi inakatika. Ngome yenyewe haikukatika. Ilikuwa makao ya magavana, ikawa kambi ya askari wa sultani, ikawa gereza la serikali ya kikoloni, kisha ikafanywa hifadhi ya umma. Nataka mtoto atakayesimama mbele ya meza azione kazi zote hizo.

Kwa hiyo kuta na mwamba vitagandishwa moja kwa moja, lakini majengo ya ndani yatakuwa vipande vya kuchomeka na kuchomoa. Seti nne, kila moja na enzi yake.

Januari, mwishoni

Ramani imekamilika kwenye karatasi za manila. Aliyeichora ngome hii ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi aliyekuwa akiwafanyia Wareno kazi upande wa India. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati huo, na ujenzi ulifanyika kati ya 1593 na 1596. Waashi waliletwa kutoka India, vibarua walitoka Malindi, ambayo ilikuwa imeshikana urafiki na Wareno dhidi ya Mombasa.

Watu wengi husifu umbo lake: ukitazama kutoka juu ni mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Ni kweli, na Unesco ilipoiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 ilitaja hesabu hiyo ya mwili wa binadamu. Lakini vijana wetu wamegundua jambo jingine kwa uzi wa kushonea. Walichomeka pini kwenye ubavu wa buruji moja, yaani kona ya ngome iliyochomoza nje, wakafunga uzi, wakauvuta kuelekea ukuta wa jirani, kisha wakarudia kwa buruji nyingine. Kila walipojaribu kutafuta mahali adui angeweza kujibanza chini ya ukuta bila kuonekana, uzi ulimfikia. Msichana mmoja wa kidato cha pili akasema, "Mwalimu, kumbe kona zote hizi ni kwa sababu ya risasi." Ndiyo. Buruji mbili, San Felipe na San Alberto, zimeelekea nchi kavu; San Matias na San Mateus ziko upande wa bahari. Kila moja inamlinda jirani yake. Somo hilo lilichukua nusu saa, na sikuhitaji kulieleza.

Februari

Kuta zimeanza kusimama. Fundi wetu wa mbao, ambaye karakana yake iko karibu na soko la Kibuye, amekata mifupa ya plaiwudi na kutuachia tuivishe.

Shida ilikuwa ngozi ya ukuta. Fort Jesus imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake ni ya matumbawe vilevile, yaani jiwe lenye vitundu vingi. Ukipaka rangi juu ya kadibodi unapata nyumba ya mdoli. Fundi alichanganya vumbi la mbao, chokaa na gundi nyeupe mpaka ukawa uji mzito, akaupaka kwa mwiko mdogo unene wa kidole kidogo, akasubiri ushike kidogo. Kisha akachukua gunzi la mahindi lililovunjwa katikati, akaligandamiza kwa ile ncha iliyovunjika, akalizungusha kidogo, akaliinua. Likaacha vitundu visivyolingana, vingine vya kina, vingine vya juujuu. Ulipokauka tukapaka rangi ya udongo wa manjano iliyozimuliwa, tukaipangusa kwa kitambaa ibaki ndani ya vitundu tu. Aliyewahi kufika Mombasa akiona ukuta huu ataujua.

Magunzi yamejaa kwenye ndoo chini ya meza. Mama anayetuuzia mahindi ya kuchoma nje ya maktaba anatuwekea.

Machi

Seti ya kwanza: Wareno. Kanisa, nyumba ya kapteni, safu za vyumba vya askari, birika la maji.

Tulipokuwa tukikata vipande nilisimulia mambo mawili ambayo vitabu vya shule huyapita mbio. La kwanza ni la Agosti 1631. Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kuiteka. Mwaka uliofuata aliiacha, na Wareno wakarudi. Ngome iliyochorwa ili asipenye mtu iliangushwa na mtu aliyeingia kwa lango kwa sababu alijulikana.

La pili ni kuzingirwa kulikoanza Machi 1696. Waomani waliizunguka ngome hadi walipoiteka Desemba 1698. Maradhi yaliua zaidi ya mizinga. Mwaka 1697 kapteni wa Kireno alifariki, na waliobaki kuishika ngome walikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake, pamoja na wanaume wachache na wanawake Waafrika waliokuwa ndani, mpaka msaada ulipofika kwa bahari. Vijana walinyamaza hapo. Wote walikuwa wamefundishwa kwamba ni Wareno upande mmoja na Waarabu upande mwingine. Nimeamua Bwana Daud apate kibao chake cha maelezo, na wanawake wale wawe kwenye mfano: sanamu za waya na kitambaa, juu ya ukuta, si jikoni.

Meli iliyoleta msaada huo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome mwezi Oktoba 1697. Wapiga-mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ndani ya ngome. Tumeiweka chini ya bahari yetu ya kioo cha plastiki, imelala kwa ubavu.

Machi, mwishoni

Mvua. Meza zimehamishwa kutoka dirishani. Gundi haikauki, kazi imelala.

Aprili

Seti ya pili imekwenda haraka. Ukoo wa Kiomani wa Mazrui ulitawala Mombasa kutoka ngomeni kwa karibu karne moja, hadi Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoitwaa mwaka 1837 na kuifanya kambi ya askari wake. Tumejenga nyumba ya Waomani juu ya buruji ya San Felipe, na minara ya mviringo iliyoongezwa. Januari 1875 meli za kivita za Uingereza ziliipiga ngome mizinga ili kumtoa akida Muhammad bin Abdallah aliyemwasi sultani wa Zanzibar. Fundi alitaka kuonyesha mashimo ya mizinga hiyo ukutani. Nimemwomba asiyaweke, kwa sababu hatuna picha ya kutuongoza na sitaki tubuni majeraha.

Mei, mwanzoni

Mjadala wa seti ya tatu umechukua kikao kizima.

Baadhi ya wenzangu wanaona gereza liachwe. Hoja yao ni kwamba watoto wanakuja kuona mizinga na meli, kwamba seli ni vyumba tu vya kawaida, kwamba wageni wenye kuchangia fedha hawatapenda. Naheshimu waliosema hivyo, nao wameupa mradi huu muda wao. Lakini hapa sikubali, na naandika sababu ili ibaki.

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na Fort Jesus ikageuzwa gereza. Seli zilijengwa ndani. Ilibaki gereza hadi 1958. Hiyo ni miaka 63, yaani zaidi ya nusu ya muda wote ambao Wareno waliikalia. Mtu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1890 angeweza kuzeeka bila kuijua ngome hiyo kwa kazi nyingine yoyote. Kwa babu zetu, Fort Jesus ilikuwa mahali pa kufungwa. Tukiruka kutoka kwa sultani hadi kwa mtalii tutakuwa tumewafuta wale walioijua kutoka ndani kuliko watu wote.

Na kuna la huku kwetu. Kijana mmoja kutoka Bungoma alisimama akasema, "Mwaka huo wa 1895 ndio wa Chetambe." Yuko sahihi. Mwaka uleule Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Charles Hobley, kwanza kwenye ngome ya Lumboka, kisha kwenye ngome ya udongo ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Walichimba handaki, wakainua ukuta wa udongo, na bunduki za kisasa zikawashinda. Mwaka mmoja, serikali moja: pwani ikageuza ngome ya mawe kuwa jela, magharibi ikavunja ngome ya udongo. Sijui njia bora ya kumwonyesha mtoto wa Kisumu kwamba Mombasa si nchi nyingine.

Nikaongeza habari ya Mekatilili wa Menza. Alipowaongoza Wagiriama dhidi ya kodi na kazi za shuruti mwaka 1913, serikali haikumfunga karibu na kwao. Ilimsafirisha hadi Kisii, upande wetu huu, naye akatoroka na kurudi pwani. Watu walitolewa mwisho mmoja wa nchi wakapelekwa mwisho mwingine ili wasijue mtu. Magereza ya ukoloni yalikuwa mtandao, na sisi tulikuwa ndani yake.

Kura imepigwa. Gereza litakuwepo.

Mei, mwishoni

Tumemwalika mzee wa mtaa aliyestaafu kutoka idara ya magereza aje kuangalia seti ya tatu kabla hatujaigandisha. Alikuja na miwani yake na kijana wa kumshika mkono, akakaa mbele ya mfano kwa muda bila kusema.

Kisha akauliza, "Mwalimu, huku kuna nini?" Kidole chake kilikuwa upande wa bahari, kwenye njia ya matao.

Nikamweleza: "Mzee wangu, hiyo ni njia iliyochongwa kwenye mwamba, inateremka hadi upande wa maji. Askari waliozingirwa waliweza kupokea vitu kutoka baharini bila kupita lango kuu."

Akatikisa kichwa. "Wao iliwapa uhai. Mimi ningeweka askari hapo usiku na mchana."

Halafu akaanza kutupangia. Askari wa buruji asimame wapi ili aone ua badala ya bahari. Wafungwa wapange mstari wapi asubuhi wa kuhesabiwa. Jua linaangukia ukuta upi mchana, maana hapo ndipo watu watakapotaka kukaa au kukimbia. Kwa nini lango moja ni bora kuliko mawili. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, kwenye magereza mengine kabisa, na hakudai kujua Fort Jesus ilivyoendeshwa. Lakini alituonyesha kwamba kila kitu ambacho Cairati alikielekeza nje, mlinzi wa gereza hukigeuza ndani. Vijana walikuwa na uzi wao ule wa Januari. Wakahamisha pini kutoka nje ya buruji hadi ukingo wa ndani, wakavuta. Uzi ukafika karibu kila sehemu ya ua.

Sanamu za wafungwa zimekaa chini karibu na ukuta wenye kivuli. Hazina nyuso, wala hatukuzipa majina.

Juni

Seti ya nne ndiyo niliyodhani itakuwa rahisi, na imetuchukua mwezi mzima, kwa sababu kuondoa ni kazi ngumu kuliko kujenga.

Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Vijana walicheka waliposikia, wakauliza simba walikuwa wapi. Lakini sheria ilikuwa ileile: bodi ya hifadhi za kifalme za Kenya, iliyosimamia Nairobi na Tsavo, ndiyo iliyosimamia pia magofu ya Gedi, na sasa Fort Jesus. Ukitaka kulinda mahali wakati huo, ulikuwa na sheria ya wanyama, ukaitumia kwa mawe. Naona ilikuwa busara.

Fedha za ukarabati zilitoka kwa wakfu wa Calouste Gulbenkian wenye makao Lisbon: pauni 30,000. Aliyeongoza uchimbaji ni James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa Gedi tangu 1948. Majengo ya gereza yaliondolewa ili kufikia misingi ya chini yake. Kanisa likaonekana tena kwenye misingi yake, vyumba vya askari vikaonekana, na makumbusho yakafunguliwa kwa umma mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1969 ngome ikakabidhiwa makumbusho ya taifa.

Ninalifikiria hili sana. Bila fedha zile na bila kazi ile, hakuna hifadhi, na huenda kuta zingekuwa zimeanguka. Nawashukuru wote walioshika sururu. Lakini kila anayechimba huchagua tabaka la kusimamia. Kwenye ngome hii tabaka la karne ya 16 na 17 lilipewa nafasi, na la miaka 63 ya karibuni likatolewa na mchanga. Ukienda leo utakuta kipande cha lipu ambacho mabaharia wa Kireno walichora meli, samaki, makanisa na watu kwa mkaa na rangi nyekundu, kikitunzwa vizuri, kama kinavyostahili. Nimetamani kingekuwepo na kipande cha ukuta wa seli kando yake, chenye chochote kilichokwaruzwa na mkono wa mtu aliyekuwa akihesabu miezi.

Ndiyo maana kwenye mfano wetu seti ya tatu haitafichwa kabatini seti ya nne inapowekwa. Fundi ametengeneza droo chini ya meza, yenye mfuniko wa plastiki angavu. Unachomoa seli kwa mkono wako mwenyewe, unazilaza kwenye droo, na zinaendelea kuonekana chini ya bustani wakati unapanga miti na madawati ya wageni. Hili lilikuwa wazo la vijana. Mimi nililipigia makofi tu.

Sanamu za seti hii ni watoto wa shule wenye sare, mwongozaji wa wageni na mwanamke mwenye mwavuli. Mbele ya mwamba, upande wa bahari, tumeweka ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa miaka ya karibuni, kwa kuwa bahari ilikuwa ikilila jiwe lililobeba ngome. Mtoto ajue kwamba hata hifadhi inahitaji ulinzi, na kwamba adui wa sasa ni maji.

Julai

Sasa lile swali la Thimlich Ohinga. Kwenye meza ndogo ya tatu tumeweka vipande viwili vya ukubwa wa sinia. Kimoja ni Chetambe, handaki na tuta la udongo, kilichotengenezwa na kijana yule wa Bungoma na dada yake kwa udongo waliokuja nao kutoka nyumbani. Kingine ni Thimlich Ohinga: kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala udongo, malango mafupi yanayomlazimu mgeni kuinama, na nguzo za mawe za kuegemeza ukuta. Inakadiriwa ilijengwa karne ya 16, yaani karibu na wakati wa Cairati. Unesco iliiandika mwaka 2018, miaka 7 baada ya Fort Jesus.

Tulijaribu kupanga kuta hizo kwa kokoto bila gundi, kwa heshima ya waliojenga. Zinasimama, ila mlango ndio mtihani: jiwe la juu lisipokaa sawa, kila kitu kinalala. Wanafunzi wa darasa la saba wameulizia kama wanaweza kuja kuvunja na kupanga upya kila Jumamosi. Nimewakubalia. Ukuta huo hautagandishwa kamwe.

Mzee aliyestaafu amekuja tena kuangalia. Alikaa zaidi mbele ya Chetambe, akaomba kuelezwa ukuta wa udongo ulikuwa na urefu gani. Kijana wa Bungoma alimjibu kwa yale aliyosimuliwa na babu yake, na wawili hao wakaendelea kuzungumza mpaka tukafunga ukumbi.

Yaliyobaki kabla ya Agosti: vibao vya seti ya pili bado havijasomwa na mtu wa pili, njia ya matao inahitaji taa ndogo ndani ili watoto waione, droo inakwama upande wa kushoto na fundi ataipiga msasa Alhamisi, na shule tatu za Nyalenda zimeomba kuja asubuhi moja, kwa hiyo lazima tupange zamu. Wenye magunzi wasilete zaidi, yametosha.